Rekodi za Kujua Ulipo: Kutoka Mwezini Hadi Namboboto

Novemba 2023 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilipitisha mwongozo wa kizazi cha sita cha simu, ambacho wahandisi wanatarajia kianze kazi karibu na mwaka 2030. Shabaha zake ni nyingi, lakini kuna moja iliyonikamata: mtandao uweze kujua kifaa kilipo kwa kosa la sentimita 1 hadi 10. Kazi hiyo haitaachiwa setilaiti peke yake. Mawimbi yale yale yanayobeba maongezi na intaneti ndiyo yatakayopima, na vifaa vitapimana vyenyewe kwa vyenyewe.

Sentimita 10 ni upana wa kiganja. Njoo sasa Namboboto, katika eneo la Samia, Kaunti ya Busia, ambako mto Sio ndio mpaka na Uganda haiko mbali. Ukiwa na simu ya mulika mwizi isiyo na GPS na ukategemea mnara peke yake, mtandao unaweza kukuweka popote katika eneo la kilomita kadhaa. Wakati mwingine simu yenyewe imeshika mnara wa ng'ambo, na wewe hujavua viatu kuvuka mto. Kati ya kiganja na kilomita hizo kuna rekodi nyingi zilizovunjwa na zinazoendelea kuvunjwa. Nimezikusanya hapa kwa jicho la mtu wa mpakani, kwa sababu naamini huku ndiko teknolojia hii itakakopimwa kwa haki.

Mtandao wa kwanza duniani kupuuza mpaka

Tuanze na rekodi yetu wenyewe, ambayo hatuisemi vya kutosha. Septemba 2006 kampuni ya simu ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania ikauita One Network. Mteja alivuka mpaka na laini yake, akapiga simu kwa bei ya wenyeji na kupokea bila kutozwa. Ulikuwa mtandao wa kwanza wa aina hiyo duniani. Ulaya, pamoja na utajiri wake wote, ilifuta gharama za laini kutumika nje ya nchi mwaka 2017. Hapa kwetu serikali za Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini nazo ziliingia mwaka 2014 kwa mpango wa eneo moja la mtandao.

Sishangai kwamba jambo hili lilianzia huku. Watu wa Samia wako pande zote mbili za mto, na familia moja inaweza kuwa na vitambulisho vya nchi mbili. Mfano unaojulikana zaidi ni wa kina Awori. Moody Awori aliwakilisha jimbo la Funyula, hapa Samia, bungeni kwa miaka mingi na akawa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003. Ndugu yake Aggrey Awori alikuwa Waziri wa Teknolojia ya Habari na Mawasiliano wa Uganda kati ya 2009 na 2011. Na boda boda, usafiri uliokuja kuenea Afrika nzima, ulianza miaka ya 1960 kwa baiskeli zilizobeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka hapa Busia.

Sasa angalia kinachotokea. Mwenye simu anasimama karibu na mto. Mnara wa Kenya uko nyuma ya kilima, wa Uganda uko wazi mbele yake. Simu inachagua wenye nguvu. Ujumbe wa kumkaribisha Uganda unaingia, na bando lake la Kenya linagoma. Kwa mtu anayetaka kupiga simu hilo ni usumbufu tu. Kwa mfumo unaotaka kujua alipo ni kosa kubwa, maana mnara ulioshikwa ndio ushahidi wa kwanza ambao mtandao hutumia kukisia mahali.

Rula butu kuliko zote

Mnara mmoja unajuaje umbali wa simu? Kwa muda. Wimbi la redio husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde, yaani sentimita 30 hivi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika mtandao wa 2G mnara huiagiza kila simu itume mapema kidogo kulingana na umbali wake ili ujumbe usigongane na wa wengine. Agizo hilo hutolewa kwa hatua, na kila hatua ni takriban mita 550. Hatua ya mwisho ni ya 63, ndiyo maana mnara wa kawaida wa 2G hauhudumii simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35 hivi, hata kama pana uwazi wa ziwa tupu kati yao.

Mita 550 ndiyo rula butu kuliko zote zinazotumika bado. Yenyewe haikuambii upande. Inakuchorea pete kuzunguka mnara tu, na wewe uko mahali fulani juu ya pete hiyo. Katika 4G hatua ilishuka hadi mita 78. Kwa 5G katika masafa ya juu sana inaweza kushuka chini ya mita 10. Pete tatu kutoka minara mitatu zikikutana, unapata nukta.

Tatizo la vijijini ni hiyo minara mitatu. Mjini Kisumu simu inaisikia mingi kwa wakati mmoja. Chini ya vilima vya Samia inaweza kuisikia miwili, na pete mbili hukutana mahali pawili. Moja ni nyumbani kwako. Nyingine inaweza kuwa upande wa pili wa kilima, au wa pili wa mto.

Mbali kuliko zote, hafifu kuliko zote

Oktoba 1957, baada ya Umoja wa Kisovieti kurusha Sputnik, William Guier na George Weiffenbach wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliusikiliza mlio wake na kugundua kwamba kubadilika kwa mlio huo kunawaonyesha njia yake angani. Mwaka uliofuata mwenzao Frank McClure aligeuza swali: kama ukiwa ardhini unaweza kujua setilaiti ilipo, basi ukiijua njia ya setilaiti unaweza kujua wewe uko wapi. Mfumo wa Transit ulizaliwa hapo, kisha GPS, ambayo setilaiti yake ya kwanza iliruka 22 Februari 1978.

Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu. Mawimbi yake yakifika ardhini yana nguvu ya wati moja iliyogawanywa kwa bilioni moja, kisha kila kipande kikagawanywa tena kwa milioni kumi. Ni ajabu kwamba simu inayasikia. Saa zilizomo ndani yake hukimbia kuliko za ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Zisiporekebishwa kama Einstein alivyoonyesha, kosa lingekua kwa kilomita 11 hivi kwa siku. Usiku wa kuamkia 2 Mei 2000 Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya raia, na kosa la mita 100 likashuka mara kadhaa kabla ya mapambazuko. Sijui teknolojia nyingine iliyokuwa bora kiasi hicho kwa kuzimwa kwa swichi moja.

Rekodi ya umbali imevunjwa juzi tu. Machi 2025 chombo cha Blue Ghost kilitua Mwezini kikiwa na kipokezi kilichoitwa LuGRE, kazi ya pamoja ya NASA na shirika la anga la Italia. Tarehe 3 Machi kilinasa mawimbi ya GPS na ya Galileo ya Ulaya kutoka umbali wa kilomita 360,000 hivi na kujua mahali pake. Kabla ya LuGRE rekodi ilikuwa ya setilaiti za utafiti za MMS, kilomita 187,000 mwaka 2019.

Basi kwa nini mtu wa Namboboto ahangaike, wakati kipokezi kimefanya kazi Mwezini? Kwa sababu tatu. Kwanza, mawimbi hafifu namna hiyo hayapenyi bati na ukuta. Ndani ya duka au chini ya kontena hayapo. Pili, tuko ukanda wa Ikweta, ambako tabaka la hewa yenye umeme juu ya anga huchafuka zaidi kuliko sehemu nyingi za dunia, hasa saa za kwanza baada ya jua kuzama, na kuyayumbisha mawimbi yanapolipita. Tatu, GPS inakula betri, na simu ya bei nafuu ambayo chaji yake inalipiwa dukani haiwezi kuiwasha kutwa nzima.

Ushirika wa kwanza ulivaliwa na punda milia

Rekodi hii ndiyo niipendayo kuliko zote, na ni ya Kenya.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, wakiongozwa na mhandisi wa kompyuta Margaret Martonosi pamoja na mwanabiolojia Daniel Rubenstein, walitaka kufuatilia punda milia wa Laikipia. Mtandao wa simu haukuwepo mbugani. Setilaiti za mawasiliano zilikuwa ghali na zenye kiu ya betri. Walichofanya ni kuunda kola zenye GPS, redio ndogo na paneli za jua, kisha wakazifundisha kusaidiana. Punda wawili wakikaribiana, kola zao zilipeana kumbukumbu zote. Aliyekutana na wengi alibeba habari za wengi. Mtafiti aliyepita na gari lenye kipokezi hakuhitaji kumpata kila mnyama. Akimpata mmoja aliyechangamana na wenzake, alipata safari za kundi. Mradi uliitwa ZebraNet, makala yake ya kwanza ilitoka 2002, na kola zikavishwa wanyama wa Laikipia Januari 2004.

Maelfu ya makala za uhandisi zimefuata nyuma yake. Wazo kwamba kifaa kisicho na mnara karibu kinaweza kumtegemea jirani lilijaribiwa hadharani, kwenye jua na vumbi, hapa hapa Kenya. Miaka minane baadaye, kwenye kituo cha Mpala huko huko Laikipia, nyani 25 wa kundi moja walivishwa kola zilizopima mahali kila sekunde. Matokeo, yaliyochapishwa 2015 katika jarida la Science, yalionyesha kwamba kundi halimfuati tu dume mkubwa. Nyani wengi hushiriki kuamua njia. Ni vigumu kutoa mfano mzuri zaidi wa kwa nini watu hutaka kujua nafasi za wengi kwa pamoja badala ya nafasi ya mmoja mmoja.

Taa kumi ziwani

Ushirikiano wenyewe unafanyaje kazi? Fikiria wavuvi wa omena wakitoka Sio Port usiku wa giza, mitumbwi kumi, kila mmoja na taa yake. Hakuna anayeona ufuo. Lakini kila mmoja anaweza kukadiria umbali wa kila taa nyingine. Mitumbwi kumi inatoa jozi 45, yaani vipimo 45. Kuliweka umbo la mitumbwi kumi lisiyumbe juu ya maji tambarare, vipimo 17 vilivyochaguliwa vizuri vinatosha. Vilivyobaki 28 ni vya kukagua na kusahihisha: mmoja akikosea, wengine wanamshika.

Umbo hilo hata hivyo halijui kaskazini iko wapi. Linaweza kuzungushwa zima zima. Wakipatikana wachache wanaojua mahali pao hasa, tuseme walio karibu na gati, umbo lote linafungwa pale pale na hata aliye mbali kabisa, asiyeona kitu, anajua alipo. Hivyo ndivyo vifaa vitakavyofanya. Kimoja kinaona setilaiti vizuri kwa sababu kiko nje. Kingine kiko ndani ya nyumba lakini kinakisikia cha nje. Cha tatu kinakisikia cha pili tu. Ile simu yenye pete mbili na majibu mawili, akitokea jirani mmoja anayejua mahali pake, jibu la uongo linaanguka.

Hesabu hizi zilipangwa vizuri mwaka 2009 na Henk Wymeersch, Jaime Lien na Moe Win katika makala ambayo bado ndiyo mlango wa wengi kuingilia somo hili. Viwango vya simu vilichukua muda kufika huko. Toleo la 16 la 5G, lililokamilika 2020, liliweka upimaji wa mahali ndani ya mtandao wenyewe. Toleo la 17 lililenga chini ya mita moja kwa matumizi ya kawaida na sentimita 20 viwandani. Katika toleo la 18, la 2024, ndipo vifaa viliporuhusiwa rasmi kupimana moja kwa moja bila kupitia mnara.

Mkubwa kuliko yote, na kwa nini haufiki kijijini

Ushirikiano mkubwa kuliko wote wa aina hii duniani tayari uko mifukoni mwa watu. Tangu 2019 simu za Apple zinasikilizana kimya kimya: kifaa kilichopotea kinalia kwa Bluetooth, simu ya mpita njia inakisikia, inatuma mahali ilipo yenyewe kwa njia ya siri, na mwenye mali anaona kwenye ramani. Vifaa vinavyoshiriki ni mamia ya milioni. Google ilifuata Aprili 2024 kwa simu za Android, ambazo ndizo nyingi kwetu.

Hapa nataka msomaji atulie nami kidogo. Ili kulinda faragha, mfumo wa Google kwa kawaida husubiri kifaa kisikiwe na simu kadhaa kabla ya kumwonyesha mwenyewe. Simu moja ikikisikia peke yake, haitoshi. Uamuzi huo una busara, kwa sababu simu moja iliyopita karibu na nyumba moja inafichua mengi kuhusu watu wawili. Lakini angalia unamnufaisha nani. Stendi ya mabasi ya Busia siku ya soko, simu ni mamia. Mkoba uliopotea utapatikana. Njiani kutoka Namboboto kwenda shambani jioni, anaweza kupita mtu mmoja mwenye simu janja na wanne wenye mulika mwizi. Mfumo unanyamaza.

ITU inatarajia kizazi cha sita kihudumie vifaa kati ya milioni 1 na milioni 100 katika kilomita moja ya mraba. Ukisoma tarakimu hiyo ukiwa Samia unaelewa mara moja kwamba ilifikiriwa kwa ajili ya viwanda na miji. Usahihi wa kushirikiana hukua kadiri majirani wanavyokuwa wengi. Pasipo na majirani hauji. Ndiyo maana nasema rekodi ya sentimita moja ndani ya ghala la Ujerumani hainivutii sana. Ninayoingoja ni ya mahali penye vifaa vichache kuliko kwingine ambapo mtu bado alipatikana.

Mstari uliopimwa kwa vilima

Kabla ya redio, walioshirikiana ni vilima. David Gill, mwanaastronomia wa Rasi ya Tumaini Jema, alipendekeza karne ya 19 kwamba Afrika ipimwe kwa mnyororo wa pembetatu kutoka kusini hadi Misri, kufuata longitudo ya 30. Mpimaji alisimama juu ya kilima kimoja na darubini yake akatazama alama ya kingine, na kingine, mwaka hadi mwaka. Kazi ilikamilika 1954. Huo ndio ushirikiano mrefu kuliko wote wa kujua mahali uliowahi kufanyika barani, na mfumo wa ramani uliozaliwa nao, Arc 1960, ndio uliochorewa ramani za Kenya, Uganda na Tanzania.

Matokeo yake yako nasi hadi leo. Ukichukua majira ya nukta kutoka ramani ya zamani ya Survey of Kenya na kuyaingiza kwenye simu bila kuyageuza, utaangukia takriban mita 300 kutoka pale panapotakiwa, kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Mita 300 ni mashamba kadhaa. Mpimaji wa ardhi mwenye mashine mbili, moja ikisimama juu ya jiwe la alama na nyingine ikitembea, anapata sentimita chache. Mashine hizo zinashirikiana, zikilinganisha makosa yaliyo sawa angani juu ya zote mbili na kuyafuta. Lakini asipojua ramani yake ni ya mfumo gani, sentimita zake hazina maana.

Sasa ongeza mpaka wa nchi. Agizo la Kiingereza la 1926 liliuleta mpaka wa Kenya na Uganda kwa mistari iliyonyooka juu ya ziwa, kutoka kisiwa hadi kisiwa, mpaka kwenye mlango wa mto Sio, kisha ukapanda na mto. Mlango huo uko karibu na Sio Port. Mistari ya ziwani haionekani, na wavuvi wa Samia na Bunyala wamekamatwa kwa kuivuka, nyavu na injini zikachukuliwa. Kisiwa cha Migingo, mwamba usiofikia ukubwa wa uwanja wa mpira, kilizusha mgogoro wa miaka. Upimaji wa 2009 ulikiweka ndani ya Kenya kwa takriban mita 510.

Mita 510. Hiyo ni chini ya hatua moja ya rula ya 2G. Mvuvi mwenye simu ya kawaida hawezi kujua yuko nchi gani, na askari anayemkamata mara nyingi hana zaidi ya kadirio la macho. Kwa maoni yangu hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo mitumbwi inayopimana, na inayojua mstari ulipo, ingeokoa mali na heshima ya watu haraka kuliko hapa.

Sanduku mlangoni mwa kontena

Ukifika mpakani Malaba ukasimama nyuma ya trela lililotoka Mombasa, tazama kufuli la mlango wa kontena. Kuna sanduku dogo la plastiki ngumu limebanwa pale, na kebo ya chuma imepitishwa kwenye vishikio vya milango yote miwili. Kebo ikikatwa, sanduku linatuma kengele. Lori likiacha njia iliyopangwa, kengele. Hiyo ni sili ya kielektroniki ya mfumo wa kikanda wa kufuatilia mizigo, ambao Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuutumia kwa pamoja mwaka 2017. Sili ile ile iliyofungwa Mombasa inasafiri zaidi ya kilomita 900 hadi mpakani, inavuka, na kufunguliwa kule mzigo unakokwenda. Mwaka uliofuata, 24 Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, na lori likaanza kukaguliwa mara moja badala ya mara mbili.

Kila sili ina GPS yake na laini yake ya simu, na kila moja inafanya kazi peke yake. Malori mia yakiwa yamepangana barabarani, kama ilivyokuwa mwaka 2020 wakati wa korona foleni ya Malaba iliporefuka kwa makumi ya kilomita na madereva wakilala ndani kwa siku nyingi wakisubiri kupimwa, kuna sili mia zinazosema kila moja peke yake na mtandao uliolemewa. Zingepimana, lori lililo chini ya bati la maegesho lingejulikana lilipo kupitia lililo nje, na mpangilio wa foleni ungejulikana bila mtu kutembea akihesabu. Dereva angeambiwa kwa ukweli ni saa ngapi zimebaki. Nani alitangulia na nani amenunua nafasi, mashine zenyewe zingeshuhudia.

Minara mirefu kuliko yote

Kwa ufupi, maana hadithi yake ilikuwa fupi. Julai 2020 puto za Loon, kampuni dada ya Google, zilianza kutoa intaneti ya 4G Kenya pamoja na Telkom, zikielea kilomita 20 hivi juu ya sehemu za kati na magharibi mwa nchi. Zilipeana data angani, puto kwa puto, mpaka ile iliyounganishwa na ardhi. Puto moja ya kampuni hiyo ilikaa angani siku 312, rekodi ya anga hiyo ya juu. Januari 2021 kampuni ilitangaza kufunga, kwa sababu gharama haikushuka. Nilisikitika. Mnara unaouona kutoka kila upande wa kilima ndio hasa uliokosekana Samia.

Nani aulizwe ruhusa

Kifaa kinachomsaidia jirani kujua alipo kinamwambia pia jirani kipo wapi chenyewe. Kenya na Uganda zote mbili zilipata sheria za kulinda data mwaka 2019, na mtaa mmoja wa Busia uko chini ya zote mbili kwa hatua chache tu. Simu ya Mkenya ikipimwa na simu ya Mganda kwa ajili ya kumtafuta mtu wa tatu, ni sheria gani inashika? Swali hilo lazima lijibiwe kabla ya minara ya kizazi cha sita kuja, kwa sababu baadaye litajibiwa na wenye mitambo. Vijana wa boda boda walionunua pikipiki kwa mkopo tayari wanajua maana ya kifaa kilichofichwa chini ya kiti ambacho wengine hukisoma na wao hawakisomi.

Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupima ubora wa mitandao na kutoa taarifa kwa umma. Ninaiomba mamlaka hiyo, na wenzao wa Uganda, waongeze kipimo kimoja: mtu akipiga 999 au 112 kutoka Namboboto, kutoka gati la Sio Port na kutoka foleni ya Malaba, akiwa na simu ya kawaida na chaji kidogo, mtandao unamweka umbali gani kutoka alipo, na katika nchi ipi? Wapime mchana na usiku, wachapishe majibu kwa jina la kijiji. Nawe msomaji wa Samia, Teso au Marachi, diwani wako akija kuomba kura, mwulize kipimo hicho ni mita ngapi.